Ushirika wa baiskeli: maswali yenu kuhusu kujitolea na uchaguzi wa bodi

Karakana ya ushirika huendeshwa na wanachama wenyewe. Vifaa ni vya wote, sehemu kubwa ya kazi hufanywa na wanaojitolea, na mambo mazito huamuliwa na bodi inayochaguliwa kwenye mkutano mkuu. Maswali ya safari hii yanagusa pande zote mbili, na si ajabu: anayetoka jasho karakanani ndiye anayetaka kujua nani anaamua.

Nataka kujitolea lakini sijawahi kushika spana. Nitasaidia nini?

Mengi, tena tangu siku ya kwanza. Karakana nyingi zina mafundi wa kutosha. Zinachokosa ni watu wa kupokea wageni, kuandika daftari na kupanga vipuri. Kama unataka kujifunza ufundi wenyewe, omba uanze kwa kufungua baiskeli chakavu ili zitoe vipuri. Hapo hakuna mwenye baiskeli anayekusubiri mlangoni, na unajifunza kila kiungo kinavyokaa.

Anza na magurudumu, kisha mnyororo, pedali, breki na waya zake, halafu kiti na usukani. Pedali ndizo huwashinda wageni, kwa kuwa ya kushoto hufunguka kinyume cha bolti za kawaida. Usihangaike kukumbuka kushoto na kulia: tumia spana namba 15, simamisha mpini wake uelekee juu, kisha uvute kuelekea nyuma ya baiskeli. Pedali zote mbili hufunguka hivyo. Ukilazimisha upande usio wake, unazidi kuikaza, na mkono wa pedali wa aluminiamu ukishalika meno ndani haushiki tena.

Ukifika kwenye gololi za magurudumu, weka makopo mawili tofauti. Gurudumu la mbele la kawaida hubeba gololi 10 kila upande, za inchi 3/16. La nyuma hubeba 9 kila upande, za inchi 1/4. Ukubwa huo unakaribiana kiasi cha kudanganya jicho. Gololi zikichanganywa, mzigo wote huangukia zile kubwa, kikombe zinamokaa kinachimbika, na gurudumu linaanza kusaga. Anayezitenganisha vizuri anaokoa magurudumu mengi kuliko anavyodhani.

Watu kumi hujiandikisha kujitolea, lakini wiki ya tatu wanabaki wawili. Tunakosea wapi?

Angalieni nusu saa ya kwanza ya zamu. Wengi hawaondoki kwa uvivu. Wanaondoka kwa sababu walisimama wakitazama wengine, au kwa sababu fundi mzoefu aliwanyang'anya spana "ili mambo yaende haraka". Jambo hili la pili linavunja moyo kuliko watu wanavyofikiri. Anayefundisha aweke mikono nyuma na aelekeze kwa mdomo. Akiona hatari ndipo aingilie.

Zamu ya muda wa saa 3 inatosha. Iwe na msimamizi mmoja ambaye kazi yake ni kugawa kazi, si kutengeneza, na mwalimu mmoja kwa wanafunzi wawili au watatu. Acheni ule mwaliko wa "njoo ukipata nafasi". Mpeni mtu zamu yake maalumu, hata kama ni moja kila baada ya wiki mbili. Kila baiskeli iliyo mezani ifungwe kadi kwenye usukani yenye mistari mitatu: tatizo, kilichofanyika, kilichobaki. Bila kadi, zamu inayofuata hurudia kazi iliyokwisha kufanyika au, hatari zaidi, hudhani breki zimekwisha kushughulikiwa.

Nani aruhusu baiskeli iliyotengenezwa na wanaojitolea itoke?

Mtu mwingine, si yule aliyeitengeneza. Aliyeshinda na baiskeli saa mbili huona alichokusudia kukifanya, wala si kilichopo. Bodi iteue wakaguzi kwa maandishi, na kila mkaguzi atie sahihi kwenye kadi.

Ukaguzi uanzie kwenye breki. Raba zipige rimu tu. Zikigusa tairi zitalitoboa, na zikikaa chini mno zitateleza kwenye spoki. Bana breki kwa nguvu: mkono wake usifike kwenye usukani. Kisha bana ya mbele na uisukume baiskeli mbele. Gurudumu la nyuma lianze kuinuka. Breki ya mbele ikiwa bado imebanwa, itikise baiskeli mbele na nyuma huku umeshika kichwa cha fremu, pale shina la usukani linapoingia, kwa mkono mwingine. Ukisikia mgongano, kichwa kimelegea. Angalia alama ya mwisho iliyochorwa kwenye nguzo ya kiti na kwenye shina la usukani: alama hiyo lazima ifichike ndani. Nguzo iliyovutwa kupita alama inaweza kuvunjika au kupasua fremu.

Mnyororo upime kwa rula. Ukiwa mpya, kutoka pini ya kwanza hadi ya 25 ni inchi 12 kamili. Ukizidi kwa 1/16 ya inchi, badilisha mnyororo. Ukizidi kwa 1/8, meno ya gia nayo yamekwisha kulika, na mnyororo mpya peke yake utaruka kila mpandaji akikanyaga kwa nguvu.

Nimejitolea mwaka mzima. Si nina haki ya kupiga kura?

Kujitolea na uanachama ni vitu viwili, na swali lako linajibiwa na rejista ya wanachama, si na mikono yenye grisi. Soma masharti ya ushirika wenu. Wapo wanaotaka kiingilio na hisa. Wapo wanaokubali saa za kazi badala ya kiingilio. Kama wenu wanakubali saa, masharti yaseme ni saa ngapi, ndani ya muda gani, na nani anatia sahihi kwenye daftari la zamu. Saa zisizo na sahihi huzaa ugomvi mlangoni siku ya uchaguzi.

Ila saa hazinunui kura ya pili. Kanuni ya mwanachama mmoja, kura moja inatoka mbali: waanzilishi wa ushirika wa Rochdale, Uingereza, waliofungua duka lao mwaka 1844, waliishika, na Muungano wa Kimataifa wa Vyama vya Ushirika uliiweka tena kwenye kanuni zake saba mwaka 1995. Aliyefanya kazi saa 300 na aliyefanya 10 wanalingana mbele ya sanduku.

Tunawasihi mfunge rejista siku kadhaa kabla ya mkutano, kwa mfano 21, na muibandike ukutani ili kila mtu atafute jina lake na kulalamika mapema. Chaguzi nyingi za vyama vidogo haziharibikii kwenye kuhesabu. Zinaharibikia hapa, kwenye orodha isiyojulikana nani yumo.

Sisi huchagua kwa kunyoosha mikono. Kuna ubaya gani?

Kwa kupitisha ajenda, hakuna. Kwa kuchagua watu, upo: anayejifunza ufundi hawezi kunyoosha mkono dhidi ya anayemfundisha huku anatazamwa. Tumieni kura ya siri. Haina gharama ya kutisha.

Teueni kamati ya uchaguzi ya watu watatu wasiogombea, na wasio ndugu wala wenza wa wagombea. Kamati ipokee fomu hadi tarehe iliyotangazwa, ihakiki kwamba kila mgombea na mdhamini wake wamo kwenye rejista, kisha itoe maelezo mafupi ya kila mgombea, kwa urefu ulio sawa. Mpangilio wa majina kwenye karatasi ya kura upatikane kwa kuchomoa vikaratasi, kwa sababu jina la juu hupata faida lisiyoistahili.

Mlangoni, kila mwanachama atiwe alama kwenye rejista na apewe karatasi moja yenye mhuri. Sanduku lionyeshwe tupu kabla ya kufungwa. Likifunguliwa, hesabuni karatasi kwanza, kabla ya kusoma jina lolote, na mlinganishe na alama za rejista. Karatasi zikizidi alama, simamisheni hapo hapo mtafute sababu; mkiendelea, hakuna matokeo yatakayoaminika. Zikipungua, kuna aliyeondoka na karatasi yake. Andikeni tu kwenye muhtasari wa mkutano.

Kisha mmoja asome kwa sauti, wawili waandike kila mmoja kwenye karatasi yake, na walinganishe kila baada ya karatasi 10. Hesabu ikipishana, mtarudia 10, si zote.

Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa: viti vikiwa 3 na wapiga kura 58, alama zote za kura haziwezi kuzidi 174, lakini zinaweza kupungua. Aliyechagua mtu mmoja tu kati ya nafasi tatu amepiga kura halali. Aliyeweka alama nne ameiharibu karatasi yote, kwa kuwa hakuna anayeweza kumchagulia zipi zihesabiwe. Tangazeni hayo kabla ya kugawa karatasi, si baada ya kufungua sanduku.

Kura zikilingana kwenye kiti cha mwisho?

Fuateni masharti. Kama yako kimya, rudieni kura papo hapo kwa hao wawili tu, na mkutano ukubaliane kabla ya marudio kwamba wakilingana tena itapigwa kura ya bahati mbele ya wote. Mwenyekiti asipewe kura ya ziada ya kuvunja usawa kwenye uchaguzi wa watu.

Mkutano wetu haukufikia akidi, yaani idadi ya chini ya wanachama wanaotakiwa kuwepo, lakini tulichagua hivyo hivyo. Je, bodi hiyo ni halali?

Hapana, na kadiri inavyosaini mambo ndivyo tatizo linavyokua. Itisheni mkutano upya kwa utaratibu wa masharti yenu. Masharti mengi huruhusu mkutano wa pili uwe na akidi ndogo zaidi, lakini kwa sharti kwamba muhtasari wa ule wa kwanza unaonyesha idadi ya waliofika na saa walipohesabiwa.

Kisha tazameni chanzo. Kama akidi ni theluthi na rejista ina watu 240, mnahitaji 80. Ikiwa 150 kati yao hawajaonekana kwa miaka, mnatafuta 80 kutoka kwa 90. Safisheni rejista kwa utaratibu: barua au ujumbe kwa kila mmoja, muda wa kujibu, uamuzi unaoandikwa. Msiifanye kazi hiyo wiki ya uchaguzi. Hata mkiwa na nia njema itaonekana mnawaondoa wapinzani.

Pia fupisheni ajenda. Ripoti ya kazi na ya fedha zije kabla ya uchaguzi, maana bodi inayotoka lazima ijibu maswali kwanza, ila zisambazwe siku 14 kabla ili zisisomwe neno kwa neno. Mkutano ukifuata zamu yenye watu wengi zaidi ya wiki, mahudhurio hupanda.

Fundi wetu anayelipwa anataka kugombea. Tumkubalie?

Kama masharti yanaruhusu, ndiyo. Anayajua mahitaji ya karakana kuliko wengi. Lakini asiwe mwenyekiti wala mhazini, kwa kuwa atakuwa bosi wa bosi wake. Jambo likigusa mshahara wake, au muuza vipuri aliye ndugu yake, atamke maslahi yake, atoke chumbani, na muhtasari uandike alitoka na kurudi saa ngapi. Kukaa kimya pembeni hakutoshi. Wanaolipwa wasifikie nusu ya bodi.

Bodi yote inamaliza muda pamoja na kila mara tunaanza upya.

Pishanisheni mihula. Kwa bodi ya watu 9 na mihula ya miaka 3, watatu watoke kila mwaka. Mwaka wa kwanza, waliochaguliwa wachomoe vikaratasi: watatu wakae mwaka 1, watatu miaka 2, watatu miaka 3. Inahitaji kubadilisha masharti, hivyo pelekeni pendekezo mkutano mkuu ulio kabla ya uchaguzi.

Wanaojitolea hujichukulia vipuri. Wengine wamenuna. Tufanyeje?

Msianze na kukaza kufuli. Watu wanaojitolea wanastahili kunufaika, na penye ukimya kila mtu hujiwekea kanuni yake. Andikeni kiwango, kwa mfano saa kadhaa kwa kipuri kilichotumika na nyingi zaidi kwa fremu. Kila kinachotoka kiingie daftarini kwa sahihi ya msimamizi wa zamu, asiyekuwa mchukuaji. Wajumbe wa bodi wafuate kanuni hiyo hiyo, na wao wawe wa kwanza kuandika.

Tumechaguliwa jana. Tuanze na lipi?

Na makabidhiano, ndani ya siku 14, bodi ya zamani na mpya zikiwa pamoja. Badilisheni watia sahihi benki na muondoe wa zamani siku ile ile. Wawe wawili kwa kila malipo. Chukueni funguo zote kwa idadi, badilisheni nywila, pokeeni rejista, mihtasari, stakabadhi na mikataba. Hesabuni vifaa vikubwa kimoja kimoja: stendi za kutengenezea, pampu ya miguu, kifaa cha kukatia mnyororo, kinyooshea magurudumu. Kilichopungua kiandikwe kwenye hati ya makabidhiano kabla pande zote hazijasaini, kwa sababu baada ya sahihi kitahesabiwa kuwa kimepotea mikononi mwenu.

Karatasi za kura zifungwe kwenye bahasha, zisainiwe na kamati ya uchaguzi na zihifadhiwe mpaka muda wa pingamizi upite.