Kisanskriti kianzie jikoni

Mwaka wangu wa kwanza Mysore, kusini mwa India, nikisoma Kisanskriti, lugha ya kale ya nchi hiyo, nilikuwa naamka saa kumi na moja alfajiri kukariri: ramah, ramau, ramaah, ramam, ramau, raman. Nomino moja ina hali nane, yaani hubadilika kufuatana na kazi yake kwenye sentensi, na kila hali ina umoja, uwili na wingi. Hayo ni maumbo 24. Nikimaliza nomino ya mfano Rama naingia Hari, nikimaliza Hari naingia Guru. Mwalimu wangu alisema nikishayameza yote, lugha itakuja yenyewe.

Mama mwenye nyumba niliyopanga nilimwita Ajji, yaani bibi kwa Kikannada, kama walivyomwita wajukuu zake. Mchana mmoja alinitilia wali na rasamu, mchuzi mwepesi wa kwao, kwenye jani la mgomba, na kwa kuwa alijua nasoma nini, akaniuliza: "Annam avashyakam?" Wali wahitajika? Yaani, nikuongeze? Nilikuwa nimeshiba. Nikatafuta neno la kusema yatosha, nisilipate. Ajji akaongeza, nami nikala, maana sahani ya mkubwa hairudishwi.

"Paryaptam," aliniambia jioni yake tukiosha vyombo. Yatosha. "Mastu" ukiwa hutaki. "Kinchit" ukitaka kidogo tu. Nilijifunza zaidi kwenye ile karo kuliko miezi iliyotangulia.

Kwa hiyo kila anayeniuliza aanzie wapi, awe kijana anayekwenda kusoma India, mwalimu wa yoga aliyechoka kutamka majina ya mikao asiyoyaelewa, au dada wa Kihindu aliyezaliwa Mombasa anayesali kwa lugha asiyoizungumza, namwambia aanzie kwenye chakula. Avashyakam, mastu, kinchit, paryaptam. Maneno manne, kila siku, mezani. Mwambie mtu mmoja wa nyumbani mshirikiane, maana lugha haizungumzwi na ukuta.

Baadaye niliingia kambi ya mazungumzo. Chama cha Samskrita Bharati, kilichoanzia Bangalore mwaka 1981, huendesha kambi za siku 10, saa mbili kila siku, na Kisanskriti kinafundishwa kwa Kisanskriti chenyewe. Mwalimu ananyanyua kitabu: "Etat pustakam." Anakiweka, ananyanyua tena: "Etat kim?" Hiki ni nini? Darasa zima linajibu. Anaonyesha mlango, saa, miwani, pua yake. Pembeni yangu alikaa muuza vitambaa aliyekuwa amefunga duka mapema, mbele yangu mama na binti yake wa darasa la tano. Siku ya nne yule binti alikuwa anamsahihisha mama yake.

Jambo lililonifungua macho ni jinsi walivyoipunguzia lugha mzigo. "Wewe" kwa kawaida ni tvam, na ina maumbo yake ya kitenzi. Wao hutumia bhavan kwa mwanamume na bhavati kwa mwanamke, neno la heshima linalokwenda na kitenzi cha nafsi ya tatu. Basi gachchhati inatosha kwa "anakwenda" na kwa "unakwenda". Wakati uliopita, ambao vitabuni una njia kadhaa, wanaushika kwa njia moja: gatavan, amekwenda, kwa mwanamume, gatavati kwa mwanamke. Wapo wataalamu wanaoona huku ni kuichakaza lugha ya Panini, mwanasarufi wa kale wa Kisanskriti, ambaye sarufi yake ina kanuni zipatazo 4,000. Nawaheshimu, lakini siafikiani nao. Mtoto wa Tanga haanzi na jedwali la ngeli ndipo aombe maji. Panini yupo, atakusubiri, na utamfurahia zaidi ukishaweza kununua ndizi.

Na sisi wasemaji wa Kiswahili tuna bahati ambayo wengi hawaijui. Upatanisho wa maneno hautushtui. Tunaosema mtu mzuri, kitabu kizuri, tunaelewa mara moja kwa nini ni uttamah balakah kwa mvulana, uttama balika kwa msichana, uttamam pustakam kwa kitabu. Tena tayari kinywani tuna maneno yaliyotoka huko yakapitia kwa Waajemi, Waarabu na Wahindi: sukari ni sharkara, pilipili ni pippali, laki ni laksha. (Simba lakini ni letu, la Kibantu. Linafanana na simha kwa bahati tu, na nawaomba sana watu waache kulitaja kama ushahidi.)

Mabishano ya maneno mapya pia tunayajua vizuri, sisi tuliobishana kuhusu tarakilishi na kompyuta. Kisanskriti kina sanganakam kwa kompyuta, kutoka mzizi wa kuhesabu. Antarjalam kwa intaneti, wavu wa kati kwa kati. Duradarshanam kwa televisheni, kuona kwa mbali. Upanetram kwa miwani, ambamo netra ni jicho. Ni maneno mazuri, jifunze. Lakini usinyamaze kwa kulikosa neno. Ukikwama, tia la Kiswahili au la Kiingereza katikati, sentensi iendelee.

Kwa masikio, tafuta taarifa ya habari ya redio ya taifa ya India, inayosomwa kwa Kisanskriti tangu 1974. Ni fupi, na inafunguliwa kwa maneno yale yale: "Iyam Akashvani. Samprati vartah shruyantam." Hii ni Akashvani, ndilo jina la redio hiyo; sasa habari zisikilizwe. Mwezi wa kwanza nilishika majina ya nchi na mawaziri tu. Sikiliza hivyo hivyo. Kwa macho, Mysore kuna gazeti dogo la Sudharma, lililoanza 1970; Ajji alikuwa akinisomesha kichwa kimoja cha habari kila asubuhi.

Kuna jambo linaloniuma. Katika sensa ya India ya 2011, waliotaja Kisanskriti kuwa lugha yao ya mama walikuwa 24,821. Sababu mojawapo ni kwamba kwa karne nyingi mlango wake ulifungwa kwa watu wa tabaka zilizodharauliwa, na kwa wanawake walio wengi. B. R. Ambedkar, aliyekuja kuongoza kamati iliyoandika rasimu ya katiba ya India, alizuiwa kukisoma shuleni, akalazimika kuchukua Kiajemi. Alikuja kujifunza mwenyewe ukubwani. Ukikijua kidogo, basi, mfundishe yeyote anayetaka, na usimuulize anatoka ukoo gani. Ajji alimfundisha mgeni kutoka Tanga kwenye karo.

Tunapigiana simu Jumapili. Swali lake la kwanza halibadiliki: "Kim khaditavati?" Umekula nini? Mara ya kwanza nilihangaika kutafuta Kisanskriti cha ugali, nikakosa, nikasema ugali. Akaniuliza unapikwaje. Nikaeleza kwa maneno niliyokuwa nayo: unga, maji, moto, mkono. Akacheka, akasema kumbe ni mudde, ule wa ulezi unaoliwa kwao Karnataka. Siku hizi ananiuliza mwenyewe, "Ugali khaditavati?", nami namjibu nimekula, paryaptam.