Masikio ya Tembo Yamelala, Hayajafa

Mvua zikikata tu, naanza kupata maswali ya watu wanaolia na masikio ya tembo, yale majani mapana kama ungo. Leo nayajibu hayo tu. Wa mipapai mtanisubiri.

Shikamoo mama. Nina masikio ya tembo sita mbele ya nyumba. Masika yalinifika kifuani. Sasa ni Julai, majani yananyauka moja moja, na kila shina limebaki na kijani kidogo katikati. Jirani ananiambia niyang'oe. (Kiloleni, Tabora)

Marahaba mwanangu. Mwambie jirani aache jembe lake ndani. Mvua za Tabora huanza Novemba hivi na kwisha kati ya Aprili na Mei. Mmea uliozoea kukaa miguu majini, ukiona miezi mitano ya ukavu mbele yake, unaacha majani, chakula unakiweka chini kwenye gimbi, halafu unalala. Fukua kidogo kwa vidole uliguse. Likiwa gumu, liko hai. Likibonyea na kunuka, limeoza, na mara nyingi aliyeliozesha ni mwenyewe kwa huruma: anamimina ndoo kila jioni ilhali hakuna majani ya kuyatumia hayo maji.

Kama una maji ya uhakika mwaka mzima, unaweza kuyazuia yasilale. Ndiyo maana magimbi ya nyuma ya bafu huwa mabichi hata Septemba. Kama maji unayanunua kwa dumu, yaache yalale. Kata majani yaliyokauka, tandaza pumba za mpunga unene wa kiganja, mwagia kidogo kila baada ya wiki mbili ili gimbi lisisinyae. Matandazo yasiguse shina. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilirundika mabua ya mahindi hadi shingoni. Mchwa wakaja kula mabua, wakapitiliza hadi kwenye magimbi. Yaliyo kwenye ndoo yasogeze chini ya mwembe. Mvua za kwanza zikinyesha utaona ncha zinachomoza kama mkuki.

Shemeji yangu yuko Ujerumani, anasema wao huyafukua yote na kuyaweka ndani hadi baridi iishe. Huku kwetu Juni kuna baridi, nasi tufukue? (Kasulu)

Baridi yake siyo yako. Kule maji huganda ardhini, na gimbi limejaa maji. Yakiganda ndani yake, gimbi linapasuka kidogo kidogo na kugeuka uji. Kwa hiyo umande wa barafu wa kwanza ukishayachoma majani, wanakata vikonyo, wanafukua, wanaanika siku chache, kisha wanayafukia kwenye boksi la maranda makavu, mahali penye nyuzi 7 hadi 10 hivi. Wanapanda tena Mei, udongo ukishapata joto. Wewe angalia ndoo uliyoiacha nje usiku. Asubuhi maji yakiwa bado maji, gimbi lako halina neno, litadumaa tu. Kufukua kunamfaa mpangaji anayehama, au anayetaka kugawa watoto waliozaliwa pembeni ya gimbi mama.

Nilinunua miche mitatu Dar kwa bei ya jogoo. Mama mkwe amekuja, kaangua kicheko, eti ni magimbi tu. Ni kweli? Yanalika? (Mwanga, Kigoma)

Jogoo limeshakwenda, pole. Jina hilo wanalitumia ndugu watatu. Tazama kikonyo kinaposhika jani. Kikishika ndani ya jani, mbali na mpasuko, na ncha inatazama chini, hilo ni gimbi letu, Colocasia, asili yake Asia, na mama mkwe kashinda. Kikishika pale pale kwenye mpasuko, ni Xanthosoma, lililotoka Amerika. Jani likisimama na ncha kutazama juu, huenda ni Alocasia, la mapambo hasa.

Yote yana fuwele za kalsiamu oksaleti, nyembamba kama sindano, ndizo zinazowasha koo na mikono. Hata gimbi la kula halionjwi bichi, hupikwa hadi lilainike kabisa. Sheria yangu ni hii: mbegu ikitoka shambani kwa bibi, pika, ikitoka kwenye kitalu cha maua, iache ipambe. Na watoto wasiyatafune.

Kila asubuhi majani yanadondosha maji nchani hata kama hakukunyesha. Yanaumwa? (Ujiji)

Hapana. Mizizi imekunywa usiku kupita kiasi, na majani yanatoa ziada. Udongo wako umelowa vizuri.

Yangu hayazidi upana wa sahani. (Urambo)

Yana njaa, au yamebanana. Ng'oa watoto, acha shina moja, lipe nusu debe la samadi iliyooza na kijiko cha NPK kila mwezi wakati wa mvua. Kivuli cha nusu siku kinafaa, kizito hapana. Lakini kama ni Alocasia, lipandishe kwenye tuta, halipendi matope kama wenzake.

Ni kweli yanaita nyoka? (Gungu, Kigoma)

Yanaita chura, na chura ndiye anayemwita nyoka. Fyeka nyasi chini yake basi. Mimi wasiwasi wangu mkubwa ni mbu: makwapa ya vikonyo hushika maji, na mbu wanazalia humo humo. Yapande mbali na dirisha la chumba cha kulala, na mara mbili kwa wiki pita ukiyainamisha maji yamwagike.