Kabla hujamteua perege wa kuzalisha

Wanaoanza kufuga perege hapa Bagamoyo hukosea mahali pamoja: wakivua bwawa, wakubwa wanauzwa, vidagaa vilivyosalia vinarudishwa vizae. Baada ya vizazi vitatu wanalalamika kwamba mbegu imechoka. Haijachoka. Wameuchagua udumavu kwa mikono yao.

Wengine humchukua mkubwa kuliko wote. Huyo naye ana mashaka. Dume humzidi jike, maana jike akiwa na mayai mdomoni huwa hali kitu kwa karibu wiki mbili. Tena aliyetangulia kuanguliwa huwanyang'anya wenzake chakula, na pengo linazidi kupanuka. Ukubwa wa namna hiyo ni wa umri na ubabe, watoto hawaurithi.

Kwa hiyo linganisha vifaranga walioanguliwa ndani ya wiki moja, bwawa moja, chakula kimoja. Siku moja kabla ya kupima usiwalishe, kwani utumbo uliojaa hudanganya mzani. Mlaze samaki chali, paka wino kidogo karibu na tundu la haja: dume ana matundu mawili, jike matatu. Madume waandikwe kivyao, majike kivyao, na kila mmoja apimwe kwa wastani wa jinsia yake.

Usitarajie makubwa kwa mara moja. Katika uzito wa perege, kinachorithiwa mara nyingi ni kama asilimia 20 hadi 35 ya tofauti. Wazazi wakiuzidi wastani kwa gramu 100, watoto watauzidi kwa gramu 20 hadi 35 tu.

Idadi nayo. Dume 1 kwa majike 30 hupandisha undugu wa damu kwa karibu asilimia 13 katika kizazi kimoja. Madume 10 kwa majike haohao, chini ya asilimia 2. Majike hawaokoi hesabu hiyo, madume ndio wanaoamua.

Perege wa asili wa Mto Wami ana sifa ya pekee: dume wake akipandishwa na sato jike, vifaranga karibu wote huwa madume. Ukigeuza jozi, majike wanarudi. Damu ikishachanganyika, hata jozi sahihi haitoi tena matokeo hayo, ndiyo maana sato anayetoroka bwawani na kuingia mtoni ni hasara ya wote.

Nyama ni habari nyingine. Minofu huwa kama theluthi ya uzito, na huwezi kuipima pasipo kumchinja samaki. Basi chinja ndugu zake, yeye umbakize azae. Mafuta hutegemea zaidi chakula. Harufu ya tope usiilaumu mbegu: inatoka kwa vijidudu vya maji. Waweke siku kadhaa kwenye maji safi yanayopita, bila chakula, kisha chemsha mmoja kwa chumvi tu. Akinuka bado, mteja asubiri.