Hendikapu 12 halafu anapiga 89?

Kaka, unamshuku jamaa yako wa gofu mwenye hendikapu 12 (mikwaju anayopunguziwa kwenye raundi) kwa kuwa alipiga mikwaju 89 kwenye uwanja ambao kiwango chake ni mikwaju 72, badala ya kama 84; lakini hajamdanganya mtu. Tangu 2020 mfumo wa dunia wa hendikapu unaangalia raundi zako 20 za mwisho, unachukua 8 bora tu na kutafuta wastani wake. Namba ile ni ya siku zako nzuri, siyo ya kila Jumamosi, hasa hapa Mwanza upepo wa ziwa ukishaanza mchana na mpira uliolenga bendera ukaangukia kichakani. Mimi nawatilia shaka wale wa hendikapu 24: kadi yenye matokeo mazuri inabaki mfukoni, haipelekwi ili hendikapu isishuke, halafu siku ya mashindano ndio hao hao wanaobeba zawadi.