Visanduku na Vikapu vya Karatasi vya Kutilia Zawadi: Uimara Kwanza, Pambo Baadaye

Mtu anayeanza kutengeneza visanduku vya zawadi nyumbani kwake huvutiwa kwanza na vitu vya kupambia, kama utepe unaong'aa, maua ya karatasi na shanga. Mimi nimetengeneza visanduku na vikapu vya harusi, vya Idi na vya arubaini za watoto hapa Unguja kwa muda wa kutosha kuamini kwamba pambo ndiyo kazi ya mwisho, na ndiyo nyepesi kuliko zote. Kinachoamua iwapo kisanduku kitafika mkononi mwa mpewaji kikiwa bado kimenyooka ni mambo ambayo macho hayayaoni: karatasi imekatwa kwa kufuata mkondo gani wa nyuzi zake, mstari wa kukunjia umetiwa vipi, na gundi imepata muda wa kukauka au haikuupata.

Karatasi huvuta unyevu mpaka ilingane na hewa iliyoizunguka, na kila inapovuta hutanuka, hulegea na kupoteza ugumu wake. Kwetu sisi wa visiwani jambo hili lina uzito zaidi kwa sababu ya misimu ambayo sherehe zetu huangukia. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa miladia kwa takriban siku 11, hivyo Idi huzunguka misimu yote. Idi el-Fitri ya mwaka 2022 ilikuwa mwanzoni mwa Mei, za 2023 na 2024 zilikuwa Aprili, na ya 2025 ikaja mwishoni mwa Machi, yaani zote zilitukuta katika masika. Wakati huo nguo haikauki kambani, seuze gundi iliyobanwa baina ya karatasi mbili. Katika masika mimi hukata na kukunja kuanzia saa tano asubuhi hadi Alasiri, mvua ikiwa haipo na jua limekwisha kuipunguzia hewa umande wake, na karatasi zinazobaki huzirudisha ndani ya kasha la plastiki lenye mfuniko, zikiwa zimelazwa bapa. Wanaokaa katika nyumba za mawe na chokaa za Mji Mkongwe wasiegemeze karatasi ukutani, kwa sababu kuta hizo huhifadhi unyevu na karatasi huunywa.

Kabla ya kugusa mkasi, ijue vyema zawadi yenyewe. Halua ina samli, na karatasi tupu haiwezi kuizuia samli hata ikiwa nene. Ndiyo maana halua yetu imezoea kutiwa katika vikapu vidogo vya kusukwa, na ukitaka kuitia katika kisanduku cha karatasi ni lazima utandike ndani ile karatasi isiyopitisha mafuta inayotumika katika trei za kuokea keki, tabaka mbili, nayo ipande kuta zote hadi ukingoni. Kashata za nazi nazo hutoa mafuta, na visheti vilivyovikwa sukari huvuta unyevu na kunata, kwa hiyo navyo vinahitaji matandiko hayo hayo. Asumini na vilua vinavyokwenda kwa bibi harusi hutoa maji vikifungiwa, na kisanduku chake kitobolewe matundu madogo ubavuni na kutandikwa kipande cha jani la mgomba. Udi ukae katika kisanduku chake peke yake, kwani karatasi hubeba harufu, na anayefungua kashata hapendi zinuke udi. Ama kanga, ikunje doti yote kama utakavyoitoa, ipime urefu, upana na unene, kisha ongeza nusu sentimita kwa kila kipimo. Nimeona visanduku vingi vizuri vilivyotengenezwa kwanza na kanga ikaja kulazimishwa baadaye, kuta zikavimba na mfuniko ukakataa kushuka.

Karatasi ya kawaida ya kuchapia ina uzito wa gramu 80 kwa mita ya mraba, na hiyo inafaa kwa visanduku vidogo vya kukunja tu. Kwa kisanduku kitakachobeba kitu, tumia manila ya gramu 200 hadi 300, ambayo maduka ya vifaa vya skuli huiuza kwa rangi nyingi. Ukishaichukua, tafuta mkondo wa nyuzi zake. Karatasi ya kiwandani hutengenezwa juu ya mashine inayokwenda upande mmoja, na nyuzi nyingi hulala kufuata mwendo huo. Ipinde karatasi taratibu bila kuikunja, kwanza kwa urefu kisha kwa upana. Upande unaokubali kwa urahisi ndio uliokwenda sambamba na nyuzi. Ukiwa bado una shaka, kata kipande kidogo, kilowanishe upande mmoja, nacho kitajiviringa, na mhimili wa mviringo huo ndio mkondo wa nyuzi. Mkunjo unaofuata mkondo hutoka safi, na mkunjo unaoukata mkondo huweza kupasuka juu na kuonyesha weupe wa ndani. Kisanduku kina mikunjo ya pande zote mbili, kwa hiyo huwezi kuipa yote mkondo mzuri. Ipe ile mirefu, maana ndiyo inayoonekana zaidi. Mkono wa kikapu ukatwe kwa urefu wa nyuzi siku zote, kwa sababu karatasi ina nguvu zaidi ya kuvutwa kwa upande huo.

Mikunjo isikunjwe kwa vidole vitupu. Weka manila juu ya gazeti lililokunjwa, weka rula juu ya mstari, kisha pitisha kalamu ya wino iliyokwisha wino wake kwa kuikandamiza, mara mbili au tatu, mpaka uone mfereji mwembamba. Sasa kunja kwa namna ambayo mfereji unabaki nje ya kisanduku na kinundu kilichojitokeza upande wa pili kinaingia ndani. Wengi hufanya kinyume kwa kudhani kwamba mfereji ndio unaojifunga, na hapo karatasi huvutika nje na kuchanika. Hii ni hatua ambayo sikubali mtu anayejifunza kwangu aipite haraka, kwa kuwa kisanduku chenye mistari iliyotiwa vizuri hujisimamia chenyewe hata kabla ya gundi.

Kwa kisanduku cha kwanza, chukua manila ya ukubwa wa A4 na uchore mstari wa sentimita 4 kutoka kila ukingo. Utapata kitako cha sentimita 13 kwa 21.7 na kuta zenye kimo cha sentimita 4. Kipimo hicho hakikubahatishwa: ukipiga hesabu utaona kwamba kwa karatasi ya A4, ukuta wa sentimita 4 na kidogo ndio unaotoa kisanduku chenye nafasi kubwa kuliko vyote, yaani zaidi kidogo ya sentimita za ujazo 1,100. Kwa karatasi ya mraba kanuni ni rahisi zaidi, kwani ukuta huwa moja ya sita ya upande, hivyo karatasi ya sentimita 30 hutoa kisanduku cha 20 kwa 20 chenye kina cha 5. Katika kila pembe kata mstari mmoja tu, na ule mraba unaobaki ndio utakaopakwa gundi na kujificha nyuma ya ukuta. Mfuniko pia hutoka katika A4 nyingine, ila mistari yake ichorwe sentimita 3.85 kutoka ukingoni. Kitako chake kitakuwa kikubwa kuliko cha kisanduku kwa milimita 3 kila upande wa kupimia, na hiyo ndiyo nafasi inayotosha mfuniko kushuka bila kukwama na bila kuchezacheza.

Visanduku vidogo vya kuwapa watoto peremende na pesa za skukuu havihitaji hata gundi. Chukua karatasi ya mraba ya sentimita 21, ikunje katikati kwa njia zote mbili na uifungue, zilete pembe zote nne katikati, kisha kunja kila upande hadi mstari wa kati na uufungue tena. Mwisho fungua pembe mbili zinazoelekeana, simamisha kuta mbili za kando, na zile pembe zilizofunguliwa zipandishe na kuzirudisha ndani ili zifunge kuta mbili zilizosalia. Utapata kisanduku cha sentimita 7.4 kila upande chenye kimo cha 3.7. Huo uwe mfuniko, na chini yake tengeneza kingine kwa karatasi iliyopungua milimita 4. Watoto wenyewe wanaweza kukunja hivi katika siku za mwisho za Ramadhani, na ni vizuri waachiwe.

Kuhusu gundi, rai yangu ni kwamba kidogo hushika kuliko nyingi. Gundi nyeupe ya maji hulowanisha karatasi, na ikiwa nyingi karatasi hutanuka upande mmoja na kupinda wakati wa kukauka. Ipake kwa brashi au kwa ukingo wa kipande cha manila, itandaze iwe nyembamba, bana kwa vibanio vya nguo na uache hadi kesho yake ikiwa ni masika. Ukivika manila kwa karatasi ya mapambo upande wa nje, vika na upande wa ndani kwa karatasi nyingine, kwa sababu ikivikwa upande mmoja tu itavutwa kuelekea huko. Gundi ya unga wa ngano uliopikwa, kiasi kimoja cha unga kwa vitano vya maji, inashika vizuri na ni ya bei nafuu, lakini mende huipenda na huchacha upesi katika joto letu. Itumie kwa kitu kitakachotolewa ndani ya siku chache, si kwa kile unachoweka akiba.

Sasa vikapu, ambavyo ndivyo ninavyovipenda zaidi, kwa sababu hapo tuna ujuzi wetu wenyewe wa kuanzia. Anayejua kusuka ukili, yaani ule mshipi wa chane (vipande vyembamba) za ukindu unaoshonwa kuwa mkeka, ameshajua nusu ya kazi. Bibi yangu wa Wete, Pemba, aliyekuwa akisuka mikeka na misala, alikuwa akiniambia, "Mjukuu wangu, chane zikipishana upana, mkono wako hautaweza kuzitengeneza," na neno hilo ni kweli kwa karatasi zaidi hata kuliko kwa ukindu, maana ukindu una ulaini wa kusamehe na karatasi haina. Kwa hiyo chane zikatwe kwa rula na wembe mkali, zote za upana mmoja.

Kwa kikapu cha kitako cha sentimita 12 na kimo cha 10, chukua karatasi mbili za A3 za manila nyepesi na uzikate kwa urefu chane za sentimita 1.5. Tandaza 8, pitisha 8 nyingine juu na chini kwa kupokezana, na zisogeze mpaka kusiwe na mwanya wa kuona meza. Urefu wa sentimita 42 unatosha kitako, kuta mbili, na masalio ya sentimita 5 kila ncha ya kurudishia ndani. Tia mstari wa kukunjia kuzunguka kitako, simamisha chane zote, kisha zungusha chane za ubavuni, kila mzunguko ukiwa pete yake iliyofungwa. Kwa kuwa mzunguko ni sentimita 48, unganisha chane mbili kwa kila pete na kiungo ukifiche nyuma ya chane iliyosimama. Kila pete ianze kinyume na iliyo chini yake. Ukifika juu, zile ncha zilizo nje ya pete ya mwisho zirudishe ndani na kuzichomeka, na zilizo ndani zikate usawa wa ukingo. Mkono ushuke ndani ya ukuta hadi kwenye kitako na ubandikwe huko. Ukiishia ukingoni utang'oka mara tu kikapu kitakapobeba kitu.

Kikapu cha duara hutengenezwa kwa vijiti vya gazeti. Kata ukurasa vipande vya upana wa sentimita 8 hadi 10, viringa kila kimoja kwa mshazari juu ya kijiti cha mishikaki kuanzia pembeni, na pembe ya mwisho tu ndiyo itiwe gundi. Hapa anayesuka kwa kijiti kimoja kisichokatika, akiongeza kingine kila kinapokwisha, lazima awe na idadi witiri ya vijiti vilivyosimama. Vikiwa shufwa, mzunguko wa pili utarudia njia ile ile ya wa kwanza na hakutakuwa na ufumaji. Kikapu kikimalizika, kipake gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji sawa kwa sawa, mara mbili, na ukiache kikauke baina yake. Wino wa gazeti usigusane na chakula, hivyo matandiko hayaepukiki.

Pambo halihitaji maneno mengi. Rangi mbili zinatosha, na utepe mmoja uliofungwa vizuri hupendeza kuliko maua kumi yaliyobandikwa. Anayetaka kutia rangi ya manjano ya jikoni ajue kwamba hufifia juani, na kwa kitu cha siku moja si neno.

Kwa wanaouza, nawashauri wakate na kutia mistari mapema, katika kiangazi cha Disemba hadi Februari, na kuviweka visanduku vikiwa bapa bila kubandikwa hadi siku chache kabla ya kuhitajika; havichukui nafasi na havipondeki. Vinavyosafirishwa kwa meli kutoka bandari ya Malindi ya hapa Unguja kwenda Mkoani navyo vipelekwe bapa, na kubandikwa baada ya kufika Pemba. Ikilazimu viende vimeshajazwa, vipange ndani ya katoni ambalo mawimbi ya kuta zake yamesimama kutoka chini kwenda juu, kwani hivyo ndivyo katoni linavyohimili uzito wa mizigo mingine, weka vizito chini, jaza mapengo kwa magazeti yaliyofinyangwa, na funika juu kwa turubai dogo kwa ajili ya maji ya bahari yanayorushwa na upepo wa kusi.