Mkono wa Mchoraji Asiyetajwa: Kwa Wanaoanza Kusoma Vibonzo vya Wanyama vya Zamani

Ukifungua jarida la vibonzo vya Donald Duck la miaka ya 1940 au 1950, jina utakalolikuta ni moja tu: Walt Disney. Lipite. Disney hakuzichora kurasa hizo. Hata Mickey Mouse wa magazetini alikuwa kazi ya Floyd Gottfredson, tangu Mei 1930 hadi 1975, lakini saini iliyochapishwa ilikuwa ya bosi wake.

Na bata je? Walichorwa na watu kadhaa, ila alikuwepo mmoja ambaye wasomaji watoto wa Marekani walimtambua bila kumjua. Walimwita tu yule mchoraji mzuri wa bata. Jina lake, Carl Barks, mashabiki walilipata karibu na 1960, wakati ameshawachora bata hao kwa miaka kama 18. Mtoto wa shule ya msingi aliweza kuutambua mkono wake kwa macho tu. Anza na ujuzi huo kabla hujakariri majina na tarehe.

Chukua hadithi mbili za Donald za miaka inayokaribiana, moja ya Barks na moja ya mtu mwingine, kisha yafunike maneno kwa karatasi. Kwa Barks utafuata karibu kila kitu. Donald anajigamba kifua mbele. Kisanduku kinachofuata, yaani picha inayofuata, shingo imezama mabegani. Fuatilia mboni za macho zinaelekea wapi. Wapwa zake watatu wanatazama hatari, yeye anatazama kwingine, na wewe msomaji umeshajua kinachokuja. Ukurasa wake wa kawaida una safu nne, kila safu visanduku viwili. Mpangilio huo hauna mbwembwe, ndiyo maana akiuvunja kwa picha moja kubwa unasimama kuitazama hata kama hukukusudia.

Za kuanzia ni hadithi zake za kurasa kumi, alizoanza kuzitoa mwaka 1943 katika jarida la Walt Disney's Comics and Stories. Barks aliacha kazi ya studio ya Disney mwaka 1942 akiwa na nia ya kufuga kuku kule San Jacinto, California, na kuku hao wameingia katika michoro yake. Iko hadithi ambayo Donald anafuga kuku, mayai yanamzidi, yanaporomoka na kuufunika mji ulioko bondeni, hadi wenyeji wanaubadilisha jina na kuuita Omelet. Aliyewahi kuamka alfajiri kwenda bandani atacheka kicheko cha peke yake hapo.

Sisi tuliolelewa na ngano za Sungura na Fisi tuna mazoea yanayotupoteza katika vibonzo hivi: tunasubiri mjanja ashinde. Bata wa Barks si mnyama wa ngano. Donald ana kiburi, ana madeni, anabadilisha kazi kila mara, na mara nyingi anashindwa pale pale alipojiona bingwa. Scrooge, mjomba wake tajiri aliyetokea kwa mara ya kwanza mwishoni mwa 1947, alianza kama mzee mwenye chuki na watu, na ilichukua muda kabla hajawa mzee tunayemfurahia. Kwa hiyo usitafute fundisho kila mwisho wa hadithi.

Walt Kelly ni mgumu zaidi. Naye alipitia studio ya Disney, kisha akamchora Pogo, mnyama mdogo aina ya oposamu, na wenzake wa kinamasi cha Okefenokee, Georgia. Kiingereza chake kimepindwa makusudi, na kama lugha hiyo inakuchosha, yaache kwanza maneno yake, umfuate kwa brashi: mstari unaonenepa na kukonda bila kukatika. Halafu tazama herufi. Mhusika wake Deacon Mushrat anazungumza kwa herufi za vitabu vya kanisa vya kale, na P.T. Bridgeport kwa herufi za mabango ya sarakasi, kiasi kwamba sauti zao unazisikia kwa jicho. Mwaka 1953 Kelly alileta paka-mwitu mwenye sura ya Seneta Joseph McCarthy, aliyewaandama watu kwa tuhuma za ukomunisti Marekani, wakati ambapo wengi walikuwa wakimwogopa mwanasiasa huyo.

George Herriman na Krazy Kat wake (1913 hadi 1944) mweke akiba. Mandhari yanabadilika kutoka kisanduku hadi kisanduku huku paka na panya wakiendelea na mazungumzo yao kana kwamba hakuna kilichotokea. Ukimsoma mapema mno utadhani ni makosa ya uchapaji.

Jambo moja niliseme wazi. Humo utakutana na Waafrika waliochorwa kwa dharau, midomo mikubwa na yote yanayofuatana nayo. Barks hakusalimika, hadithi yake ya 1949 iitwayo Voodoo Hoodoo ilirekebishwa picha ilipochapishwa tena baadaye. Mimi nasoma, na sioni sababu ya kumtetea. Ila usimpe mtoto kitabu cha namna hiyo kabla hujakipitia mwenyewe.

Kuhusu kununua, majarida ya asili waachie wakusanyaji wenye pesa. Karatasi yake ilikuwa duni na imeshageuka njano. Kampuni ya Fantagraphics imekuwa ikitoa upya kazi za Barks na za Kelly katika vitabu vizuri tangu 2011. Kumbuka tu kwamba rangi za majarida yale hazikuwekwa na Barks, na kwenye karatasi nyeupe ya siku hizi wakati mwingine zinapiga kelele. Ukibahatika kupata toleo la wino mtupu, nyeusi kwa nyeupe, chukua hilo kwanza.