Kabalagala za jioni na kisukari

Pole dada yangu. Unasema una kisukari cha aina ya 2 na dawa unameza vizuri, ila jioni ukishuka teksi Wandegeya, hapo Kampala, lazima ununue kabalagala (vile vitumbua vya ndizi vya kukaanga) na soda, kisha unalala ukijilaumu. Acha kujilaumu. Kinachokuumiza zaidi hapo ni soda: chupa ya mililita 300 ina takriban gramu 30 za sukari, nayo huingia kwenye damu haraka sana. Anza na hiyo, unywe maji.

Mchana je, unakula? Nadhani unafika jioni na njaa kali, na tumbo tupu halishindani na harufu ya mafuta ya moto. Kula maharage au mayai mchana, na mkobani weka kiganja cha karanga. Kabalagala ukiitamani kweli, kula moja, utembee dakika 15, upime sukari ya damu saa mbili baada ya kula. Ikizidi 10 mmol/L (kipimo cha sukari kwenye damu) mara kwa mara, peleka namba hizo kliniki.

Lakini ukitetemeka na kutokwa jasho, hiyo si tamaa, huenda sukari imeshuka mno. Pima, ikiwa chini ya 4, au huna kipimo karibu, kunywa nusu chupa ya soda yenye sukari papo hapo.